Dawa Mseto Haiishii Dirishani

Kwenye pakiti nyingi za dawa mseto ya malaria zinazotolewa katika zahanati na maduka ya dawa ya huku kwetu Kagera, utakuta mhudumu ameandika kwa kalamu maneno machache tu: 4 x 2, na pembeni yake, siku 3. Mgonjwa hupokea, hutia mfukoni na kuondoka. Maandishi hayo si ya uongo, lakini yameacha nje karibu kila jambo litakaloamua kama dawa ile itamponya au itamrudisha dirishani baada ya wiki mbili tatu. Mimi si daktari wala mfamasia. Nimekaa miaka mingi jirani na duka la dawa muhimu la shangazi yangu, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa kumsikiliza akizungumza na wateja, kwa kuuguza watu wa nyumbani, na kwa kusoma ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo wengi wetu huitupa kabla hata ya kufungua kidonge cha kwanza.

Dawa yenyewe ni ALu, ambayo watu wengi huiita Coartem hata inapokuwa imetengenezwa na kiwanda kingine kabisa. Kidonge kimoja cha kawaida kina dawa mbili ndani yake: artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemetha inatokana na artemisinini, ambayo ilipatikana China mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka mmea wa Artemisia annua, na ambayo mwaka 2015 ilimpatia mwanasayansi Tu Youyou Tuzo ya Nobel. Ni dawa yenye kasi kubwa: huua sehemu kubwa ya vimelea na kushusha homa upesi, lakini nayo huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini ni kinyume chake. Huingia mwilini taratibu, huongezeka katika damu dozi baada ya dozi, na hubaki humo kwa siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ikivimaliza vimelea vilivyonusurika. Nafuu anayoiona mgonjwa siku ya pili, anapoketi na kuomba chakula, ni kazi ya artemetha; kupona kwake kunategemea lumefantrini, ambayo wakati huo bado haijafikia kiwango chake. Mtu akishaelewa mgawanyo huu wa kazi, masharti ya dawa hii huacha kuonekana kama ukali wa mhudumu, kwa sababu takriban yote yamewekwa ili kuilinda hiyo dawa ya pili.

Shida ni kwamba mazoea yetu yalijengwa na dawa nyingine. Wazazi wetu walikua na klorokwini, chungu kupita kiasi na yenye kuwasha mwili mzima, kiasi kwamba wapo walioacha dozi njiani ili walale. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha kwa sababu ya usugu wa vimelea na kuhamia SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, ambayo mtu mzima alimeza vidonge 3 kwa mkupuo mmoja na habari ikaishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2006 ALu ikaanza kuchukua nafasi yake, na mgonjwa aliyezoea vidonge 3 vya mara moja akakabidhiwa vidonge 24. Sidhani kama sisi jamii tulipewa muda wa kutosha wa kuyameza mabadiliko hayo. Hadi leo wapo wazee wanaofika dukani kwa shangazi na kuuliza kama hakuna ile ya kumeza mara moja, naye huwajibu kwa upole, "Ile iliishiwa nguvu, baba, hii ndiyo inayoponya, ila inataka uvumilivu." SP yenyewe bado ipo kliniki, lakini kwa ajili ya kuwakinga wajawazito, na mwenye mzio wa dawa za salfa hapaswi kuigusa.

Tuje sasa kwenye hiyo 4 x 2. Mtu anayesoma maandishi hayo huelewa kwamba atameza asubuhi na jioni, na kwa siku ya pili na ya tatu hajakosea sana. Siku ya kwanza ndiyo yenye utata, kwa kuwa dozi ya pili inatakiwa saa 8 baada ya ya kwanza, si saa 12. Tuseme mgonjwa amemeza vidonge vyake 4 vya mwanzo Jumatatu saa 3 usiku. Dozi ya pili ni saa 11 alfajiri ya Jumanne, si pale atakapoamka na kupata chai. Dozi ya tatu huhesabiwa saa 24 tangu ile ya kwanza, kwa hiyo ni Jumanne saa 3 usiku. Kuanzia hapo ni kila baada ya saa 12: Jumatano saa 3 asubuhi, Jumatano saa 3 usiku, na ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, Alhamisi saa 3 asubuhi. Aliyehesabu siku tatu kwa kalenda, yaani Jumatatu, Jumanne na Jumatano, atakuwa ameacha vidonge 4 ndani ya pakiti akiamini kwamba amemaliza.

Kwenye pakiti zinazotoka kwa shangazi huioni hiyo 4 x 2. Yeye huandika kwa wino wa bluu nyakati sita, moja chini ya nyingine, kila wakati na jina la siku yake, na mbele ya kila mstari huchora kijisanduku ambacho mgonjwa atakitia alama akishameza. Kijisanduku cha kwanza hukitia alama mwenyewe, kwa sababu humtaka mgonjwa ameze dozi ya kwanza pale pale mbele yake. "Hesabu dozi, usihesabu siku," ndivyo anavyowaambia. Kazi hiyo humchukua dakika chache, na foleni ikiwa ndefu wateja hunung'unika, lakini sijaona njia nyingine inayomfaa mtu ambaye kichwa kinamgonga na ambaye nusu ya maneno anayoambiwa hayamwingii.

Kuna mtego mwingine wa saa ambao ni wa kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili. Mhudumu aliyezoea saa za kizungu anaweza kuandika 9:00 akimaanisha saa 3, na mgonjwa akasoma saa 9. Ukikuta namba ya aina hiyo kwenye pakiti, uliza kabla hujaondoka dirishani. Dozi ikipita kwa bahati mbaya, imeze mara unapokumbuka, kisha endelea na zilizobaki hadi ziishe. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia, na kama muda uliopita ni mrefu, rudi kwa mhudumu akupangie upya.

Sharti la chakula ndilo linalodharauliwa kuliko yote, labda kwa sababu "meza baada ya kula" limeandikwa kwenye dawa nyingi sana hadi limepoteza uzito. Kwa ALu si suala la kulinda tumbo. Lumefantrini haipatani na maji. Inahitaji mafuta ili iweze kupenya kutoka utumboni hadi kwenye damu. Watu wazima wenye afya walipopimwa, waliomeza dawa hii pamoja na mlo wenye mafuta mengi walionekana kufyonza lumefantrini kiasi cha mara 16 zaidi ya waliomeza wakiwa na njaa, na hata artemetha iliongezeka takriban mara mbili. Habari njema ni kwamba mafuta yanayohitajika ni kidogo: gramu moja na ushee, inayopatikana katika maziwa kidogo tu, inatosha kuifikisha dawa karibu na kiwango chake cha juu.

Fikiria basi chakula anachopewa mgonjwa wa malaria nyumbani kwetu. Kwa kuwa hana hamu, na kwa kuwa tunahofia atatapika, tunampa chai ya rangi, uji mwepesi wa maji, au ndizi zilizochemshwa kwa chumvi bila tone la mafuta. Kisha tunampa vidonge, na moyoni tumeridhika kwamba amekula. Amekula kweli, lakini sehemu kubwa ya lumefantrini itapita tu tumboni na kutoka. Uji ule ule ukitiwa maziwa au karanga zilizosagwa unatosha. Kikombe cha chai ya maziwa kinatosha, na hata kipande cha parachichi, ambalo huku halikosekani, kinafaa. Mwezi wa Novemba senene wanapokuwa wengi, ukapata wa kukaanga wa kujaa kiganja, mafuta yake yanatosha na ziada, ingawa si kila tumbo lenye homa litawapokea. Mtoto anayenyonya mafuta yake yamo katika maziwa ya mama, kwa hiyo anyonyeshwe wakati wa kumeza dawa. Mgonjwa asiyeweza kula kabisa asiahirishe dozi kwa sababu hiyo. Ameze, kisha aanze kula mara tu anapoweza, na ajue kwamba yeye ndiye aliye katika hatari zaidi ya ugonjwa kumrudia.

Kutapika nako kuna hesabu yake. Karatasi ya Coartem inasema kwamba aliyetapika ndani ya saa moja tangu ameze arudie dozi nzima. Miongozo mingi inayotumika vituoni hutaja nusu saa. Kwa vyovyote vile, dozi iliyorudiwa imetoka ndani ya pakiti ile ile, kwa hiyo mwishoni vidonge havitatosha, na hapo lazima urudi kuchukua vya kufidia. Watu wengi hawarudi. Anayetapika kila anachomeza naye si mgonjwa wa vidonge tena, ni mgonjwa wa hospitali.

Dozi hupangwa kwa uzito, si kwa umri wala kwa kimo. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila dozi, wa kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, wa kilo 25 hadi chini ya 35 vidonge 3, na kuanzia kilo 35 ni vidonge 4 kama mtu mzima. Ukilijua hilo unaona mara moja kishawishi kilichopo: pakiti moja ya mtu mzima ina vidonge vya kutosha watoto wadogo wanne. Huo ndio mwanzo wa kugawana dawa nyumbani, na mwisho wake kwa kawaida ni watu wawili waliopona nusu na pakiti tupu. Jambo la hatari zaidi ni kwamba siku hizi kuna vidonge vikubwa vyenye artemetha miligramu 80 na lumefantrini miligramu 480, ambavyo kimoja ni sawa na vinne vya kawaida na pakiti yake ina vidonge 6 tu. Mtu mzima aliyezoea kumeza vinne akivimeza vinne vya aina hii atakuwa amejizidishia dozi mara nne. Soma namba zilizoandikwa kwenye pakiti kila mara, hata kama umewahi kuugua malaria mara nyingi maishani. Kwa watoto wadogo viko vidonge vya kuyeyusha katika maji safi kidogo, vyenye ladha tamu, na hivyo huwaondolea wazazi vita ya kumkaba mtoto pua.

Kabla ya yote hayo, pima. Kipimo cha haraka kinatumia tone la damu ya kidoleni na robo saa ya kusubiri, na kinachoonyesha ni kuwa vimelea vipo au havipo. Hakihesabu, kwa hiyo yule anayetoka na kipimo hicho akasema ana "malaria tatu" ametiwa maneno mdomoni. Shangazi hamuuzii mtu ALu kabla ya kuona cheti cha zahanati, na kwa msimamo huo amepoteza wateja waliokwenda kununua duka la pili. Namuunga mkono. Homa ya nimonia au ya njia ya mkojo haitibiwi na dawa mseto, na siku tatu zinazopotea kwa mtoto mwenye nimonia haziwezi kurudishwa.

Tena kuna ile desturi ya kuambiwa una malaria na taifodi kwa pamoja, ukatoka dirishani na mfuko wa dawa za kila namna. Hapo ndipo inapobidi mgonjwa afungue mdomo. Baadhi ya antibiotiki zinazotolewa kwa taifodi, kama siprofloksasini, zinaweza kuathiri mwendo wa umeme wa moyo, na lumefantrini nayo imo katika orodha hiyo hiyo, kwa hiyo mwenye historia ya matatizo ya mapigo ya moyo, au mwenye ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo, aseme. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu aseme, kwa sababu dawa hiyo huishusha ALu mwilini kiasi cha kuifanya isiaminike. Anayetumia efavirenzi, dawa ya VVU, aseme pia. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba nguvu ya vidonge hivyo inaweza kupungua, atumie na kinga nyingine kwa muda huo. Mjamzito aseme mapema, hata kama tumbo halijaonekana. Zamani ALu haikupendekezwa kwa miezi mitatu ya kwanza, lakini tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linaikubali hata katika kipindi hicho, na uamuzi huo afanye mhudumu anayejua hali yake.

Nimeacha sindano makusudi hadi hapa, kwa kuwa ndiyo inayopendwa. Malaria kali ina dalili zake: mtoto kupata degedege, mgonjwa kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, kushindwa kunywa wala kuketi, kupumua kwa shida, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi mithili ya soda. Huyo hapewi vidonge nyumbani wala hapelekwi kwanza kwa mtu wa kuzindika. Anakimbizwa hospitali, ambako atachomwa artesunati ya kwanza mara anapofika, ya pili baada ya saa 12, na ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza. Inafanya kazi kwa kasi ya kustaajabisha. Mtu aliyeingia amebebwa anaweza kutoka akitembea, na hapo ndipo hatari nyingine inapoanza, kwa kuwa artesunati ni ndugu wa artemetha na nayo huisha mwilini ndani ya saa chache. Ndiyo sababu mgonjwa huyo hupewa, akishaweza kumeza, dozi kamili ya ALu ya siku tatu, vidonge vyote 24 kama ni mtu mzima, kana kwamba hakuchomwa kitu. Nimeona pakiti hizo zikiwekwa juu ya kabati bila kufunguliwa, kwa hoja kwamba sindano zimeshamaliza kazi na vidonge ni vya akiba. Zaidi ya hayo, wapo wachache ambao damu yao hupungua siku 7 hadi 28 baada ya sindano hizo, hivyo aliyetibiwa akianza kupauka, kuchoka kupita kiasi au kukojoa mkojo mweusi katika wiki hizo, arudi apimwe damu.

Kwa sisi wa Kagera mambo haya yamepata uzito mpya. Mwaka 2020 watafiti walitoa taarifa ya vimelea nchini Rwanda vyenye badiliko katika jeni iitwayo kelch13, badiliko linalovifanya vichelewe kufa vinapokutana na artemisinini. Mwaka 2021 ikaja taarifa kama hiyo kutoka kaskazini mwa Uganda. Na mwaka 2024 ikathibitishwa kwamba hali hiyo ipo Karagwe, upande wetu wa mpaka. Wataalamu huuita usugu wa sehemu, na ni muhimu kuelewa maana yake ili tusije tukaitupa dawa ambayo bado inatusaidia. Artemetha bado inaua, ila kwa mwendo wa pole, na vimelea vinaweza kuonekana kwenye darubini hata siku ya tatu. Kinachomponya mgonjwa katika hali hiyo ni lumefantrini. Mtu wa Karagwe anayeacha dozi mbili za mwisho leo anajinyima dawa ambayo sasa inabeba mzigo mkubwa zaidi kuliko ilivyokuwa nilipokuwa mdogo, na vimelea anavyovibakiza ndivyo mbu watakavyovisambaza kwa majirani. Kwa sababu hiyo hiyo siwaelewi wanaouza chai ya majani ya Artemisia kama tiba. Kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani, hakuna dawa ya pili ya kukamilisha kazi, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi.

Homa ikirudi baada ya kumaliza dozi, kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa kuwa kinanasa protini iliyoachwa na vimelea na si vimelea vyenyewe. Kwa hiyo anayerudi mapema aombe damu isomwe kwa darubini, vinginevyo atapewa dozi nyingine kwa ugonjwa ambao huenda hana. Pili, vimelea vikionekana kweli kabla ya siku 28 kwisha, kwa kawaida hubadilishiwa dawa mseto nyingine, na inayotolewa mara nyingi ni ile ya dihidroatemisinini na piperakwini, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Duo-Cotecxin. Hiyo humezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu, na yale niliyoyaeleza kuhusu mafuta yageuze: haitakiwi kuandamana na mlo wa mafuta mengi, kwa sababu mafuta huipandisha piperakwini hadi kiwango kinachoweza kuusumbua moyo.

Unaporudi kituoni, nenda na pakiti ya zamani, hata kama ni tupu. Mweleze mhudumu siku na saa uliyomeza dozi ya kwanza na ya mwisho, ulikula nini, na kama ulitapika. Kama kuna vidonge vilivyobaki, viweke mezani mbele yake avihesabu. Atajua kama dawa imeshindwa au kama haikupewa nafasi, na matibabu atakayokupa yatategemea jibu hilo.